Meko ya Kuni Sebuleni: Namna ya Kuyajenga na Kuyatunza Katika Nyumba za Nyanda za Baridi

Meko ya kwanza niliyojengewa Njombe yalikuwa mazuri kwa macho. Mdomo ulikuwa mpana, mawe ya mbele yalichongwa kwa ustadi, na juu yake fundi aliweka ubao wa mninga uliopigwa msasa ukang'aa. Jioni tulipoyawasha kwa mara ya kwanza, mwezi Juni, moshi ulijaa sebuleni mpaka tukatoka wote, watoto wakikohoa, tukakaa barazani katika baridi ileile tuliyotaka kuikimbia. Kosa lilionekana mara tulipochukua futi ya kupimia: juu ya mdomo wenye upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 65, fundi alikuwa ameweka bomba la inchi 6. Eneo la mdomo huo ni sentimita za mraba 5,200, na njia ya moshi ya duara ilihitaji takriban 433. Bomba lile lilikuwa na 182 tu, yaani chini ya nusu ya kinachotakiwa. Tuliyabomoa tukajenga upya, na maelezo yafuatayo yanatokana na ujenzi huo wa pili pamoja na miaka ya kuyatumia kila kipupwe.

Mambo ya kuamua kabla ya kununua tofali

Jua kwanza unachokitaka. Meko ya wazi huwapasha joto watu waliokaa mbele yake, lakini hayapashi nyumba nzima, kwa kuwa sehemu kubwa ya joto la kuni hupanda na moshi na kutokea juu, huku hewa iliyokwisha kupata joto chumbani ikivutwa kuufuata. Mwenye haja ya kupasha vyumba vitatu kwa kuni chache atapata nafuu zaidi kwa jiko la chuma lenye mlango wa kioo, ambalo huweza kuingizwa ndani ya meko ya matofali hata baadaye. Anayetaka mahali pa kukaa jioni, familia ikiota moto na kuzungumza, ndiye anayefaa kuendelea na kazi hii.

Chagua ukuta wa ndani ukiweza, na uwe karibu na kipeo cha paa. Dohani, ambayo mafundi wengi huiita chimini, ikipita katikati ya nyumba hubaki na uvuguvugu na huvuta vizuri. Iliyosimama nje ya ukuta hupoa usiku kucha, na asubuhi hewa nzito ya baridi huwa imeijaza kama maji yaliyotuama, moshi ukikosa pa kupandia. Epuka pia mahali panapotazamana na mlango mkuu, maana kila anayeingia atausukuma moshi ndani. Kwa nyumba iliyo katika eneo la mji, peleka mchoro halmashauri upate kibali cha ujenzi kabla ya kuligusa paa.

Msingi wa meko na dohani ujitegemee. Matofali yale yana uzito wa tani kadhaa yakisimama mahali padogo, na msingi wa kawaida wa ukuta haukuandaliwa kwa mzigo huo. Chimba hadi ardhi ngumu, kisha mwaga zege la nondo lenye unene usiopungua sentimita 30, lipite kingo za meko kwa sentimita 15 kila upande. Ukijenga juu ya sakafu ya kawaida ya chumba, dohani itatitia kidogo kidogo na kujitenga na ukuta, na ufa huo utakuwa njia ya moto kuelekea kwenye kenchi.

Vipimo ndivyo vinavyopandisha moshi

Nimewasikia mafundi wazuri wakisema kwamba meko hutaka bahati. Sikubaliani nao, kwa sababu moshi hufuata kanuni zinazojulikana. Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko ya baridi, hivyo hupanda. Ikipanda huvuta nyingine kutoka chumbani ipite juu ya kuni. Mvuto huo huongezeka kadiri dohani inavyokuwa ndefu na yenye joto, na hushindwa mdomo wa meko ukiwa mkubwa kuliko njia ya moshi inavyoweza kumeza.

Kwa dohani ya mraba, eneo la ndani lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo. Kwa ya duara, sehemu moja ya kumi na mbili inatosha, kwa kuwa moshi hupanda kwa kuzunguka na pembe za mraba haziusaidii. Mdomo wa sentimita 80 kwa 65 unahitaji basi dohani ya mraba ya takriban sentimita 23 kila upande. Hata hivyo, Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa hiyo niliongeza nafasi nikajenga ya sentimita 25 kwa 25. Yeyote anayejenga Makete, Mufindi, Lushoto au Limuru afanye vivyo hivyo, au apunguze mdomo.

Kimo cha dohani nzima, kuanzia sakafu ya meko hadi juu, kisipungue mita 4.5. Inapotokeza nje ya paa iwe na angalau sentimita 90, tena iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo, kiwe kipeo cha paa au tangi la maji lililoinuliwa. Mwenye haraka huikata dohani fupi ili isiharibu sura ya nyumba, kisha upepo ukivuka kipeo hushuka na kuurudisha moshi sebuleni.

Sasa umbo la ndani. Mwaka 1796, Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts anayejulikana zaidi kama Count Rumford, aliandika juu ya meko ya Uingereza yaliyokuwa yakijaza nyumba moshi, akaonyesha kwamba kuta za pembeni zikilazwa ziangalie chumba, na koo la juu likibanwa, joto huja kwa watu na moshi huenda zake. Sehemu kubwa ya wanachofanya waashi hadi leo imetoka hapo. Katika meko yangu kina ni sentimita 50. Mdomo una sentimita 80 lakini ukuta wa nyuma una 50 tu, kwa sababu kuta za pembeni zimekaa mshazari. Ukuta wa nyuma unasimama wima kwa sentimita 35, kisha unainamia mbele hadi kwenye koo. Koo lenyewe, ule mwanya mwembamba unaopitisha moshi, liwe na upana sawa na mdomo na kina kisichopungua sentimita 10, na liwekwe angalau sentimita 20 juu ya linta, boriti inayobeba matofali juu ya mdomo. Likiwa chini ya hapo, moshi huchungulia nje kila kuni inapoporomoka.

Nyuma ya koo acha kibaraza kidogo, kinachoitwa rafu ya moshi, ambacho hupokea hewa ya baridi inayoshuka na kuigeuza irudi juu, na pia hudaka masizi na matone ya mvua. Juu yake kuna chumba cha moshi kinachofinyika taratibu hadi ukubwa wa dohani. Usiruhusu matofali yatokeze kama ngazi humo ndani: yapangwe kwa mwinamo usiozidi nyuzi 30 kutoka wima, kisha yapigwe lipu laini ya udongo unaostahimili moto. Mkono wa fundi ukipita ndani usikwaruzwe mahali popote, kwa kuwa kila ukingo ni kituo cha masizi.

Kujenga

Sehemu inayoguswa na moto ijengwe kwa matofali maalumu ya moto. Matofali ya kuchoma ya kwetu yanafaa kwa ganda la nje na kwa dohani, ukiyachagua vizuri. Chukua yale yaliyokuwa katikati ya tanuru, ugonganishe mawili: lililoiva hulia kwa sauti kali kama chuma, na lisiloiva hutoa mlio wa bonge la udongo. Yaliyokuwa pembezoni mwa tanuru, yenye rangi ya chungwa iliyofifia, yaache yatumike kwenye uzio.

Matofali ya moto yaunganishwe kwa udongo wake maalumu unaostahimili moto, na kiungo kisizidi milimita 6. Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasikubali njia ya mkato. Saruji ya kawaida na mchanga hupoteza nguvu katika joto la meko. Baada ya misimu miwili viungo hugeuka unga, na ukivigusa kwa kijiti vinamwagika. Loweka tofali kidogo, lipake udongo mwembamba kama siagi kwenye mkate, libonyeze mahali pake na kulisugua mpaka udongo wa ziada utoke, kisha uufute ndani kwa kitambaa chenye unyevu kabla haujakauka. Unene wa kuta za meko, pamoja na matofali ya moto yenye angalau sentimita 5, usipungue sentimita 20. Kila safu ipimwe kwa pimamaji, na dohani itazamwe kwa timazi kila inapopanda nusu mita.

Kwenye koo weka kilango cha chuma kinachofungwa na kufunguliwa kwa mkono, ili usiku ambao hakuna moto joto la chumba lisipotee. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa bati nene, mradi kifunguke kikamilifu na mpini wake usishike kutu ukagoma.

Ndani ya dohani weka mabomba ya udongo wa kuchoma ukiyapata, au bomba la chuma kisichoshika kutu. Bomba la mabati usiliweke humo hata kwa bei ya bure, kwa sababu asidi ya moshi hulitoboa mapema, nawe hutaliona likitoboka.

Sakafu ya mbele ya meko iwe ya mawe, matofali au vigae vilivyolazwa juu ya zege. Kwa mdomo usiofika mita za mraba 0.56, kama huu wangu, sakafu hiyo itokeze sentimita 40 mbele na sentimita 20 kila upande. Kwa mdomo mkubwa zaidi, sentimita 50 mbele na 30 pembeni. Zulia liishie nje ya mpaka huo. Mbao za mapambo zisikaribie mdomo kwa chini ya sentimita 15, na rafu inayotokeza iwekwe juu zaidi, angalau sentimita 30 kutoka mdomoni. Ubao wangu wa mninga ulikuwa sentimita 12 tu juu ya mdomo, na kwa wiki chache tulizoyatumia meko yale ya kwanza ulishaanza kuwa mweusi upande wa chini.

Kupita kwenye dari na paa

Hii ndiyo sehemu inayochoma nyumba. Mbao yoyote, iwe kenchi, papi au fremu ya dari, ikae mbali na uso wa dohani kwa sentimita 5 au zaidi, na nyuma ya meko yenyewe kwa sentimita 10. Nafasi hiyo ibaki tupu. Usiijaze pamba, vumbi la mbao wala vipande vya silingi bodi. Mbao inayopashwa joto kidogo kidogo kwa miaka hubadilika polepole na kuwa nyepesi kushika moto, hata katika joto ambalo mwanzoni lisingeidhuru. Penye dari, ziba mwanya kwa kipande cha bati kilichopigiliwa kwenye fremu. Kenchi ikikatiza njia, seremala aikate na kuifungia mbao za kuvuka kila upande; fundi asiipachike ndani ya matofali.

Paa la bati lizibwe kwa vipande vya bati vilivyokunjwa pande zote nne, ukingo wa juu ukiingizwa ndani ya kiungo cha matofali. Juu kabisa weka kofia ya zege inayotokeza, yenye mteremko wa kumwaga maji, kisha wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 12 ili kuzuia cheche na ndege. Nyuki pia hupenda dohani iliyolala miezi mingi. Mwezi Mei mmoja tulikuta kundi zima limeshahamia, ikabidi mfugaji aje jioni kulihamisha.

Moto wa kwanza

Baada ya kumaliza, subiri mwezi mzima. Maji yaliyomo kwenye viungo yakichemka kabla ya kukauka hupasua kazi yote. Kisha washa moto mdogo wa vijiti kwa nusu saa, kesho yake uongeze kidogo, na uendelee hivyo kwa wiki moja.

Katika siku hizo fanya jaribio la moshi. Choma majani mabichi kidogo, mtu aliye juu ya paa afunike dohani kwa gunia lililolowa, na mwingine apande darini na tochi. Moshi ukivuja kwenye kiungo chochote utaonekana mara moja, na kiungo hicho kizibwe kabla nyumba haijatumika. Wakati wa jaribio madirisha yote yawe wazi, na mtoto asiwepo ndani.

Moshi ukirudi sebuleni ilhali vipimo ni sahihi, fungua dirisha kwa upana wa vidole viwili. Ukipanda mara moja, tatizo ni hewa. Nyumba za zamani zenye madirisha ya mbao zilipumua zenyewe. Hizi za sasa zenye madirisha ya aluminiamu na dari zilizozibwa hazina pa kuvutia hewa, na meko hunyang'anyana na feni ya jikoni. Mimi nilipitisha bomba la sentimita 10 chini ya sakafu kutoka nje, likatokeza karibu na meko, na lina wavu pande zote mbili.

Kuni

Katika Nyanda za Juu Kusini tumebarikiwa miwati, iliyopandwa kwa wingi tangu enzi za ukoloni kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi. Kuni zake ni nzito, huwaka kwa joto kali na huacha makaa yanayodumu. Mlingoti nao unafaa ukipasuliwa mapema, kwa maana ukikauka mzima shoka hudunda. Paina hushika moto upesi, hivyo ni nzuri kwa kuwashia.

Jambo kubwa kuliko aina ya mti ni ukavu. Kuni zikae chini ya asilimia 20 ya unyevu. Kata na kupasua mwezi Juni au Julai, panga juu ya magogo mawili ili zisiguse ardhi, ziache kwenye upepo mpaka Oktoba, kisha zifunike upande wa juu tu kabla ya mvua za Novemba. Zitakuwa tayari kipupwe kinachofuata. Kuni iliyokauka ina nyufa zinazosambaa kutoka kiini, gome lake hubanduka, na mbili zikigonganishwa hulia kwa ukali. Ukiwa na shaka, chukua kipande kimoja ukipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki: siku uzito ukiacha kupungua, rundo liko tayari. Kuni inayotoa povu mwishoni ikiwa motoni bado ni mbichi, na joto lake linaishia katika kuchemsha maji huku moshi baridi ukigandisha lami dohanini. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, plastiki na takataka zisiingie humo kamwe.

Kuwasha, fungua kilango, kisha shika karatasi iliyosokotwa inayowaka karibu na koo kwa nusu dakika ili kuisukuma hewa ya baridi juu. Panga kuni nene chini, nyembamba juu yake, na vijiti vya paina kileleni, halafu washa kutoka juu. Moto utashuka wenyewe na moshi wa mwanzo utakuwa mchache. Usifunge kilango mpaka makaa yote yazimike kabisa, kwa kuwa makaa yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa yaliyo kwenye meko yenye kilango kilichofungwa hayana tofauti.

Usafi na uangalizi

Dohani isafishwe angalau mara moja kwa mwaka, mwezi Mei kabla ya baridi, na tena katikati ya msimu kama unawasha kila siku. Kipimo ni tabaka la masizi lenye unene wa milimita 3. Funika mdomo wa meko kwa turubai na kuibana kingo zake, vaa barakoa, kisha teremsha kutoka juu brashi ya waya yenye ukubwa wa dohani, iliyofungiwa uzito kwenye kamba, uipandishe na kuishusha mara kadhaa. Bati lenye umande huteleza, kwa hiyo panda saa za mchana jua likiwa limelikausha. Usisahau rafu ya moshi, ambayo hujaa masizi yanayoporomoka. Ukikuta tabaka jeusi linalong'aa kama lami iliyomwagwa, brashi haitalitoa, na meko yasiwashwe mpaka fundi mwenye vifaa aliondoe.

Tabaka hilo likishika moto dohanini utasikia mvumo mkubwa kama wa upepo unaopita kwenye bomba, na joto linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Watoe watu wote nje, piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa walio Tanzania, na usimwage maji ndani ya dohani, kwani hupasuka. Hata moto ukizimika wenyewe, dohani ikaguliwe kutoka juu hadi chini kabla ya kuwashwa tena.

Majivu yasiondolewe yote msimu ukiendelea, kwa sababu tabaka la sentimita 2 au 3 huhifadhi makaa na kurahisisha kuwasha. Yanayozidi yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta na rundo la kuni, yakae siku kadhaa, maana kaa dogo huishi muda mrefu chini ya majivu. Ndoo ya plastiki haifai. Yakishapoa kabisa, nyunyiza kidogo kwenye bustani ya mboga, kwani udongo wetu mwingi ni wenye asidi na majivu huipunguza. Lakini shamba la viazi mviringo yasifike, kwa sababu udongo uliopungua asidi huvifanya viote magamba kwenye maganda.